Kina cha Picha: Karagwe na Historia ya Michezo ya Uhalisia Pepe

Mchezo wa uhalisia pepe, yaani ule unaochezwa ndani ya mazingira yaliyoundwa na kompyuta na kutazamwa kwa miwani inayofunika macho yote mawili, huhesabiwa kuwa zao la karne hii na la nchi zenye viwanda vya elektroniki. Kwa sababu hiyo historia yake haijazoeleka kuandikwa pamoja na historia ya mahali kama Isingiro, kata ya wilaya ya Kyerwa mkoani Kagera, ambayo hadi mwaka 2012 ilihesabiwa ndani ya wilaya ya Karagwe na ambayo kabla ya ukoloni ilikuwa katika nchi ya Wanyambo iliyotawaliwa na ukoo wa Abahinda. Hata hivyo historia hizo mbili zilipitiana karibu mno katika karne ya 19, kwani kamera ya kupigia picha za chombo kilicho babu wa miwani hiyo ilikuwa mikononi mwa mmoja wa wageni wa kwanza wa Ulaya kufika kwa Omukama, yaani mfalme, wa Karagwe, isipokuwa kwamba ilirudishwa pwani kabla yeye hajafika. Kilichotokea baada ya hapo kinaeleza mengi kuhusu kile ambacho mwanafunzi wa leo, akitaka kuijenga upya Karagwe ya zamani ndani ya kompyuta, atakikuta na kile atakachokikosa.

Chombo chenyewe ni stirioskopu. Mwaka 1838 Mwingereza Charles Wheatstone alithibitisha kwamba mtu huona kina cha vitu, yaani umbali wa kitu kimoja nyuma ya kingine, kwa sababu macho yake mawili, yaliyoachana kwa takriban sentimita 6, hupokea picha mbili zinazotofautiana kidogo, nao ubongo huziunganisha kuwa moja. Basi ikiwa jicho la kulia litapewa picha yake na la kushoto ya kwake, hata karatasi bapa itaonekana kuwa na mbele na nyuma. Kanuni hiyo haijabadilika hadi leo. Miwani ya uhalisia pepe ni stirioskopu iliyotiwa kompyuta, ambayo kila kichwa kinapogeuka huchora upya picha zote mbili. Katika miaka ya 1850, kamera yenye lenzi mbili za kupigia picha za namna hiyo ilikuwa imeenea Ulaya, na picha hizo ziliuzwa kwa wingi zikawa burudani ya sebuleni.

James Augustus Grant, afisa wa jeshi la Uingereza kule India aliyefuatana na John Hanning Speke katika safari ya kutafuta chanzo cha Nile, alipiga picha za namna hiyo Unguja mwaka 1860, nazo ni miongoni mwa picha za kamera za zamani kabisa za kisiwa hicho. Ufundi wa siku zile ulimlazimu mpiga picha kupaka dawa kwenye kioo, kukiweka ndani ya kamera kikiwa bado kibichi, kisha kukisafisha kabla hakijakauka, na kazi yote hiyo ilifanyika ndani ya hema dogo lililozibwa mwanga. Speke aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1863 kwamba joto la hema hilo lingemuua Grant upesi sana, na hivyo msafara ukiwa bado mbali na Unyamwezi aliiamuru kamera irudishwe pwani, pamoja na watu waliokuwa wagonjwa, na Grant akaambiwa achore kwa mkono. Uamuzi huo ulikuwa wa busara kwa afya ya Grant. Kwa historia ya Karagwe ulikuwa hasara ambayo haikuonekana wakati huo, kwani mtu aliyejua kunasa kina cha picha alifika katika nchi hiyo akiwa na kalamu na rangi za maji tu.

Msafara uliingia kwa Omukama Rumanyika Orugundu, katika makao makuu ya Bweranyange, tarehe 25 Novemba 1861. Speke aliondoka Januari iliyofuata kwenda Buganda, lakini Grant, aliyekuwa na ugonjwa mbaya wa mguu, aliachwa chini ya ulinzi wa mfalme hadi Aprili 1862, na miezi hiyo ya kulala na kuchechemea ikampa nafasi ya kutazama ambayo mwenzake hakuwa nayo. Michoro yake ya safari hiyo imehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Scotland. Wasomaji wengi wa wakati ule hawakuiona, kwani picha zilizochapishwa katika kitabu cha Speke zilitengenezwa upya London na Johann Zwecker, mchoraji Mjerumani aliyezitolea kwenye rasimu za Grant, na mikononi mwake watu na milima vilipata sura iliyopendwa na soko la vitabu la Ulaya. Anayetaka kujua sura ya Karagwe ya 1862 inampasa arudi kwenye karatasi za Grant mwenyewe, na hata huko atakutana na jicho moja tu.

Maandishi ya wageni hao, pamoja na yale ya Henry Morton Stanley aliyefika kwa Rumanyika mwaka 1876, yamejaa vitu. Speke alitaja mikuki, vyombo vya shaba na sanamu ndogo za ng'ombe za chuma, akadai kwamba sanamu hizo zilitengenezwa na Waarabu wa Kafuro, kituo cha biashara ya pembe za ndovu kilichokuwa karibu na makao ya mfalme, ili kumfurahisha. Dai hilo halikusimama. Stanley alieleza nyumba ya hazina yenye sanamu za bata za shaba, ng'ombe wa shaba wasio na vichwa, mikuki ya chuma kitupu hadi mpini, na visu vipana vya kazi nzuri mno, na uchunguzi wa baadaye umevihusisha vitu hivyo na wahunzi wa Karagwe wenyewe, hasa wa enzi ya Ndagara, baba yake Rumanyika. Katika miaka ya 1990 wanaakiolojia Andrew Reid na Rachel MacLean walivifasiri kama lugha ya utawala: chuma na ng'ombe, vitu viwili vilivyobeba utajiri na uzazi wa nchi, vilikutanishwa katika mwili mmoja ili kumwonyesha mfalme kuwa mmiliki wa vyote viwili. Leo mfano mmoja wa ng'ombe hao wa chuma umo katika Linden-Museum mjini Stuttgart, mbali na malisho yaliyomzaa.

Kipimo kilichoandikwa kwa ukamilifu kuliko vingine vyote katika kumbukumbu hizo, hata hivyo, si cha nyumba wala cha ngoma. Ni cha mwili wa mwanamke. Katika jamaa ya mfalme wanawake walinenepeshwa kwa maziwa kwa kuwa unene ulikuwa alama ya hadhi, na Speke, baada ya kumbembeleza shemeji mmoja wa mfalme, alimpima kwa utepe na kuchapisha matokeo: kimo futi 5 na inchi 8, mzunguko wa mkono futi 1 na inchi 11, kifua futi 4 na inchi 4, na kuendelea hadi shavu la mguu. Jina lake hakuliandika. Mwanafunzi wa kuunda maumbo ya kompyuta, ambaye kazi yake inaanza na vipimo, angejikuta anaweza kumtengeneza mwanamke huyo kwa inchi kamili bila kujua hata neno moja alilolisema siku hiyo, na ni haki kuhoji iwapo kipimo kilichopatikana kwa njia hiyo kinastahili kutumiwa. Jibu linaloelekea kufaa ni kukiacha.

Swali la namna hiyo haliko nje ya ufundi wa michezo ya kompyuta, kwani ufundi huo tangu mwanzo ulikulia mikononi mwa wanafunzi wenye nyenzo chache na maswali mengi. Mchezo wa Spacewar, ambao ni miongoni mwa michezo ya kwanza ya kompyuta kuenea kutoka chuo hadi chuo, ulikamilishwa mwaka 1962 na Steve Russell na wenzake, vijana wa chuo cha MIT huko Marekani, ambao hawakuwa wameagizwa na mtu. Kompyuta mpya ya PDP-1 ilikuwa imeletwa chuoni nao walitaka kujua inaweza kufanya nini. Miaka 6 baadaye Ivan Sutherland, akiwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Harvard, alionyesha pamoja na wanafunzi wake, akiwemo Bob Sproull, kifaa cha kwanza cha kuvaa kichwani kilichochora picha kwa kompyuta kufuata mwendo wa kichwa. Kilikuwa na mabomba mawili madogo ya picha, moja kwa kila jicho, na mkono wa chuma uliokiunganisha na dari ili kupima kichwa kimegeukia wapi. Alichokiona mvaaji kilikuwa mistari mitupu iliyounda umbo la boksi au chumba, lakini mistari hiyo ilitulia mahali pake mtu alipotembea kuizunguka, na hapo ndipo uhalisia pepe ulipoanza.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya mashine za bei kubwa zilizofungiwa katika majeshi, mashirika ya anga na maabara chache. Mwaka 1992 katika Chuo Kikuu cha Illinois mjini Chicago, Carolina Cruz-Neira, aliyekuwa akisomea shahada ya uzamivu, pamoja na walimu wake Daniel Sandin na Thomas DeFanti, walionyesha chumba ambacho kuta zake zilikuwa skrini, ili mtu asilazimike kubeba uzito kichwani. Bei ilianguka pale simujanja zilipofanya skrini ndogo na vipima mwendo kuwa bidhaa za kawaida. Palmer Luckey, kijana aliyekuwa amefanya kazi katika maabara ya Chuo Kikuu cha Kusini mwa California, alikusanya fedha kwa umma mwaka 2012 kwa ajili ya miwani ya Oculus Rift, na kampuni yake ikanunuliwa na Facebook mwaka 2014 kwa takriban dola bilioni 2. Mwaka huohuo Google ilitoa Cardboard, boksi la karatasi ngumu lenye lenzi mbili ambamo simu hutumbukizwa, na kwa kifaa hicho cha bei ya chini sana stirioskopu ya karne ya 19 ikawa imerudi karibu kama ilivyokuwa.

Mfano unaofaa kuangaliwa kwa karibu zaidi, kwa yeyote anayefikiria mradi wa wanafunzi juu ya mahali palipotoweka, unatoka Uingereza. Maktaba ya Uingereza ilianzisha mwaka 2013 mashindano yaliyoitwa Off the Map, ambamo wanafunzi wa vyuo walipewa ramani na michoro ya kale kutoka hazina ya maktaba hiyo na kutakiwa kuigeuza kuwa mazingira ya mchezo. Washindi wa mwaka wa kwanza walikuwa wanafunzi 6 wa Chuo Kikuu cha De Montfort, waliojenga mitaa ya London kama ilivyokuwa kabla ya moto mkubwa wa 1666. Mwaka 2014 ushindi ulikwenda kwa kundi la Chuo Kikuu cha South Wales lililotengeneza Nix, mchezo wa kuvaliwa kwa Oculus Rift, uliomwingiza mchezaji katika Fonthill Abbey, jumba la tajiri William Beckford ambalo mnara wake ulianguka mwaka 1825. Wanafunzi hao hawakuwa na jengo la kupima. Walikuwa na michoro na maelezo ya watu waliowahi kulitembelea. Hali yao, kwa hiyo, ilifanana zaidi na ya mtu atakayeshughulikia Bweranyange kuliko ya mtu anayeshughulikia magofu ya mawe ya Kilwa huko pwani, tofauti ikiwa kwamba Fonthill ilichorwa na watu wa nchi yake, waliojua jina la kila chumba.

Katika Afrika Mashariki fani hii ilichelewa kwa sababu zinazojulikana. Kompyuta ya kwanza ya Tanzania ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, lakini mwaka 1974 serikali ilizuia uingizaji wa kompyuta na televisheni ili kulinda fedha za kigeni, na zuio hilo lilipolegezwa katika miaka ya 1980 kizazi kizima kilikuwa kimemaliza masomo bila kugusa mashine hiyo. Nchini Kenya Wesley Kirinya alitoa mwaka 2007 The Adventures of Nyangi, mchezo wa maumbo yenye pande tatu uliotengenezwa Nairobi kwa kompyuta ya kawaida. Mwaka 2009 nyaya za intaneti zilizopita chini ya bahari zilifika Mombasa na Dar es Salaam, na mwaka 2015 kampuni ya BlackRhino VR ilianza kazi ya uhalisia pepe mjini Nairobi. Kwa upande wa mambo ya kale, mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town, ulioanzishwa mwaka 2004 na kuongozwa na Heinz Rüther, ulipima kwa leza magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, na mwaka 2020 Kilwa iliingizwa katika maonyesho ya mtandaoni ya Google yaliyohusu maeneo ya kale yanayotishiwa na mabadiliko ya tabianchi.

Kwamba kazi hizo zilianzia pwani si ajabu. Leza hupima kilichosimama, na kilichosimama ni mawe ya matumbawe na chokaa. Nyumba za Bweranyange zilikuwa za msonge, za miti na nyasi, na baada ya Rumanyika kufariki mwaka 1878, ugomvi wa urithi, sotoka ya miaka ya 1890 iliyoangamiza ng'ombe, na utawala wa Wajerumani vilivunja nguvu ya makao hayo hata pasiwe na haja ya kuzijenga tena kwa ukubwa ule. Wingi wa miradi ya kidijitali ya urithi wa pwani, kwa hiyo, hauonyeshi kwamba pwani ilikuwa na historia kubwa zaidi. Unaonyesha tu kwamba vifaa vya kupimia vilibuniwa kwa ajili ya ukuta.

Nyasi zina ugumu mwingine ambao mtu asiyejua kazi hii hawezi kuufikiria. Kompyuta huchora kila umbo kwa vipande vidogo vya pembetatu, na kadiri vipande vinavyoongezeka ndivyo mashine inavyochelewa, ilhali miwani iliyouzwa kwa umma mwaka 2016 ilitaka picha 90 kwa kila sekunde, tena mbili kila mara, moja kwa kila jicho. Picha ikichelewa kwa zaidi ya sehemu 20 hivi za elfu moja za sekunde baada ya kichwa kugeuka, tumbo la mchezaji huanza kuchafuka kama la abiria wa mashua. Ukuta wa mawe wa msikiti wa Kilwa unaweza kuwakilishwa kwa bapa chache zilizopakwa picha ya mawe na ukaaminika. Paa la msonge, lenye nyasi zisizohesabika zinazojitokeza ukingoni na kuruhusu mwanga upenye, likipakwa juu ya koni laini huonekana kama kofia ya plastiki pindi mtu anaposogea. Mafundi hulitatua tatizo hilo kwa kupanga tabaka za picha zenye uwazi, na huandaa maumbo kadhaa ya nyumba ileile ili lenye vipande vingi litumike karibu na lenye vichache litumike mbali. Programu zinazobeba kazi hiyo, ziitwazo injini za mchezo kwa kuwa hushughulikia mwanga, sauti na migongano ya vitu bila mwanafunzi kuziandika upya, hupatikana bila malipo kwa kujifunzia, na hilo ndilo lililouweka mradi wa namna hii ndani ya uwezo wa kundi la watu wanne au watano katika muhula mmoja au miwili. Umeme nao umo katika hesabu: mkoa wa Kagera kwa miaka mingi ulipata umeme wake kutoka Uganda kupitia Masaka na Kyaka, na kukatika kwake saa ambayo kompyuta inakokotoa vivuli vya kijiji kizima si jambo dogo.

Tatizo la kuvutia kuliko yote, hata hivyo, limo katika simulizi za ufalme zenyewe. Rumanyika alimweleza Speke jinsi alivyopata kiti. Ndagara alipofariki, wanawe watatu, Rumanyika, Nnanaji na Rogero, waliwekewa mbele yao ngoma ndogo, nyepesi kwa umbo lakini iliyosheheni dawa, na ikasemwa kwamba mrithi wa haki peke yake ndiye atakayeiinua. Ndugu wawili walijitahidi wakashindwa, na Rumanyika akainyanyua kwa kidole kidogo. Kukawa na jaribio la pili: mwenye kudai ufalme aliketi mahali maalumu, na ardhi iliyo chini yake ikapanda kama darubini inayovutwa hadi ikafika mbinguni, kisha ikashuka polepole ikiwa amekubaliwa, au ikaporomoka na kumbwaga ikiwa si yeye. Rogero hakuridhika na hukumu hiyo, vita vikafuata, na Rumanyika alishinda kwa msaada wa mfanyabiashara Musa Mzuri wa Tabora na bunduki zake, jambo ambalo Speke alilieleza bila kuona kwamba linaipa ngoma ile maana nyingine.

Mtu anayesoma maelezo hayo akiwa na mradi wa mchezo kichwani anaona mara moja kwamba majaribio yote mawili yanagusa udhaifu wa chombo chake. Katika uhalisia pepe hakuna kitu chenye uzito: mchezaji hushika vidhibiti viwili vyepesi, na gogo, ng'ombe na ngoma vyote huinuka sawasawa. Watengenezaji wamegundua namna ya kuudanganya mkono kwa kutumia jicho, ambapo mkono unaoonekana ndani ya mchezo hufanywa ubaki nyuma kidogo ya mkono halisi, na kadiri unavyobaki nyuma ndivyo mtu anavyohisi kwamba anachokivuta ni kizito. Kwa hila hiyo ngoma ya Bweranyange inaweza kukataa kuinuka mkononi mwa anayecheza kama Rogero, huku anayecheza kama Rumanyika akiinua bila taabu, na wachezaji wawili waliosimama chumba kimoja wakapata habari mbili tofauti kutoka kwa kitu kilekile. Ardhi inayopanda ni hatari zaidi, kwa sababu jicho linapoambiwa kwamba mwili unapaa na sikio la ndani, lenye kazi ya kupima mizani ya mwili, linasema mwili umeketi, kichefuchefu hufuata. Na anguko la ghafla la mtu aliyekataliwa ni kitu ambacho mwongozo wowote wa fani hii ungekikataza. Mwanafunzi angelazimika kuchagua kati ya uaminifu kwa simulizi na tumbo la mchezaji, na pengine angeipandisha ardhi taratibu sana, akimwachia mchezaji kipande cha udongo chini ya miguu yake kisichotikisika ili jicho lipate pa kushikilia.

Zaidi ya hayo yapo maamuzi ya kihistoria ambayo msimbo hauwezi kuyakwepa. Mwandishi wa kitabu anaweza kuandika kwamba ngoma iliinuka au kwamba ilisemekana iliinuka, na sentensi moja ikabeba mashaka yote. Katika mchezo ama inainuka ama haiinuki. Akimpa kila mchezaji uwezo wa kuinua, anaifanya hadithi kuwa ya bahati. Akimpa Rumanyika peke yake, amesimama upande wa washindi. Akiweka bunduki za Musa kando ya ngoma, amesema jambo ambalo mfalme hakulisema. Israel Katoke, katika historia ya ufalme wa Karagwe aliyoichapisha mwaka 1975, aliyapima masimulizi ya Wanyambo pamoja na maandishi ya wageni badala ya kuyachukua ya upande mmoja, na kazi yake ni mahali pazuri pa kuanzia kwa anayetaka kuandika kanuni za mchezo kabla ya kuandika msimbo wake. Sauti nayo haipaswi kuwa nyongeza ya mwisho. Nanga, zeze la ubao lililosindikiza tenzi za mashujaa katika nchi za Kagera na ambalo M. M. Mulokozi ameuchunguza ushairi wake kwa kirefu, lina mlio wa chini unaohitaji msikilizaji aliye karibu, na kwa kuwa miwani hupanga sauti kufuata upande inakotoka, mchezaji anaweza kuufuata gizani hadi mlangoni mwa nyumba, asiwe na ramani wala mshale wa kumwongoza.

Mambo mengi yaliyotajwa hadi hapa ni ya makao makuu, na Isingiro haikuwa makao makuu. Njia ya Speke kutoka Bweranyange ilielekea kivuko cha Kitangule na kuiacha pembe ya kaskazini magharibi, ambako mto Kagera unaigawa nchi na Rwanda na Uganda. Aliyesogea upande huo alikuwa Stanley, aliyekwenda mwaka 1876 kwenye chemchemi za maji moto za Mtagata, katika Kyerwa ya leo, akawakuta wagonjwa waliokuja kuoga kutoka sehemu mbalimbali, akapima maji yaliyokuwa moto zaidi na kupata karibu nyuzi 54 za Selsiasi. Mtagata ina sifa adimu kwa mtengenezaji wa mchezo: mahali penyewe pangalipo, maji bado yanatoka, na kwa simu ya kawaida inawezekana kupiga mamia ya picha za mwamba mmoja kutoka pembe zote na kuiachia programu ikokotoe umbo lake, njia iitwayo fotogrametria. Kisha kuna machimbo ya bati ya Kyerwa, yaliyoanza kuchimbwa katika miaka ya 1920 na kuvutia vibarua kutoka ng'ambo ya mto, na migomba na buni ambazo hakuna mgeni wa karne ya 19 aliyepata sababu ya kuzihesabu.

Kwa vitu hivyo kumbukumbu haziko London wala Stuttgart. Ziko kwa watu wanaojua kwa Kinyambo majina ya sehemu za nyumba ya msonge, namna ya kuezeka, nyimbo za kukamua na maneno ya kumkaribisha mgeni, nao ni wazee. Mradi wa wanafunzi ambao ungetumia wiki zake za mwanzo kurekodi sauti hizo, ukampa kila msemaji nafasi ya kuruhusu au kukataza matumizi ya sauti yake, na ukaandika jina lake penye kila kipande alichokitoa, ungekuwa umeshaijenga nusu ya mchezo kabla ya kompyuta kuwashwa, na ungekuwa na kitu ambacho Grant, hata kama kamera ya lenzi mbili ingevumilia hadi Bweranyange, asingeweza kurudi nacho.